Je, wajua? Rekoda ya CD inayogoma si mbovu

Rekoda ya CD ya nyumbani imesingiziwa mengi. Mtu huinunua mtumba, akaiwekea CD tupu ya duka la vifaa vya kompyuta, nayo ikakataa kurekodi. Basi huhukumiwa kuwa mbovu, ikaishia jalalani. Mara nyingi haina ubaya wowote: imetengenezwa ikatae.

Siri iko kwenye CD yenyewe. Kila CD tupu ina mfereji mwembamba uliochongwa kiwandani, unaozunguka kutoka katikati hadi ukingoni. Mfereji huo haukunyooka. Unayumba kushoto na kulia, kiasi cha mara 22,050 kwa sekunde CD inapozunguka kwa mwendo wa kucheza muziki. Kuyumba huko huiongoza leza, na ndani yake kumefichwa taarifa: CD inabeba dakika ngapi, leza itumie nguvu kiasi gani, na CD imekusudiwa kazi gani. Rekoda za nyumbani, kama Philips CDR870 ya mwaka 1997, huisoma taarifa hiyo kwanza. Zisipokuta alama ya CD tupu ya kurekodia muziki, hazirekodi. Kompyuta hukubali CD zote mbili, ya muziki na ya kawaida, na kwa macho huwezi kuzitofautisha ila kwa maandishi ya juu.

Chanzo ni sheria. Mwaka 1992 Marekani ililinda haki ya mtu kujirekodia muziki nyumbani kwa dijitali, kwa sharti la tozo kwa wenye muziki: asilimia 2 ya bei ya mashine na asilimia 3 ya bei ya CD tupu za muziki, ndiyo maana rekoda hudai CD hizo. Sharti jingine lilikuwa kuzuia nakala ya nakala. Ukinakili CD halisi kwa waya wa dijitali, rekoda inakubali, lakini inaacha alama ndani ya nakala. Ukitaka kuinakili nakala hiyo kwa njia ile ile, rekoda inaiona alama na kugoma.

Waya za kawaida, nyekundu na nyeupe, hazibebi alama hiyo. Sauti ya kanda au santuri hupita bila pingamizi, na hapo ndipo mashine hii ina thamani kubwa kwetu. Majumbani kuna kanda za taarab na muziki wa dansi zilizorekodiwa redioni ambazo huenda hazipo popote pengine. Tunaziacha zishike ukungu kabatini, huku kifaa cha kuziokoa tukikiita takataka. Huo ni uzembe, tena wa gharama.

Kazi yenyewe inataka subira: kanda ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60. Punguza sauti inayoingia ili kipimo cha sauti kisifike kileleni, maana sauti ya dijitali ikizidi hukwaruza vibaya. Ukimaliza, ifunge CD kwa kitufe chake, la sivyo redio nyingi hazitaisoma. Kisha iweke mbali na jua, kwani rangi iliyobeba muziki huharibiwa na mwanga.

Rekoda hii hufaa pia kwa kanda za kaswida, kwaya, mahubiri, hotuba za harusi, masimulizi ya wazee na vipindi vya redio.

Kabla hujaitupa yako, itafutie CD yenye maandishi ya Digital Audio, uanze na kanda iliyo kongwe kuliko zote nyumbani. Hiyo ndiyo itakayotangulia kufa.