"Wa" na "Kwa": Istilahi za Uongozi na Utetezi wa Watu Wenye Ulemavu

Kwa muda sasa tumekuwa tukipokea barua za wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wakituuliza lipi ni neno linalofaa: kilema, mlemavu, mtu mwenye ulemavu, mtu asiyejiweza, au mtu mwenye mahitaji maalumu. Maswali hayo yamezidi tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa nchini Tanzania ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mfasiri anayeketi leo na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 mbele yake hana budi kuamua upya karibu katika kila kifungu. Swali hilo tutalijibu, ila si kwanza. Liko neno jingine, dogo mno, ambalo hakuna aliyetuuliza habari zake, nalo kwa maoni yetu limeharibu tafsiri nyingi kuliko yote hayo. Neno lenyewe ni a-unganifu: wa, ya, cha, vya.

Tutazame mifano. Tukisema "chama cha wavuvi", kila mtu anafahamu kuwa wavuvi ndio wanachama, ndio wanaopiga kura na ndio wenye mwenyekiti. Tukisema "shule ya vipofu", vipofu si wenye shule. Wao ni wanafunzi, na yamkini hakuna hata mmoja wao katika bodi. Tukisema "dawa ya mbu", mbu hana hisa yoyote katika dawa hiyo isipokuwa kufa. Uunganifu ni ule ule, lakini uhusiano ni wa namna tatu. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halimsumbui mtu, kwa sababu msikilizaji huongozwa na anayoyajua. Je, "chama cha walemavu" ni cha namna gani? Ni kama chama cha wavuvi, au ni kama shule ya vipofu? Hapo msikilizaji hana cha kumwongoza, na historia nzima ya harakati za watu wenye ulemavu imo katika jibu la swali hilo.

Mwaka 1976 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliazimia kuwa mwaka 1981 uwe mwaka wa kimataifa kwa ajili ya walemavu. Kabla mwaka wenyewe haujaanza, jina hilo lilibadilishwa. Katika Kiingereza, kihusishi chenye maana ya "kwa ajili ya" kiliondolewa, kikawekwa kile chenye maana ya umilikaji. Waliotaka badiliko hilo hawakuwa wakichezea sarufi. Walikuwa wanasema kwamba mwaka huo usiwe wa kuwafanyia watu hisani, bali uwe mwaka wao wenyewe, na kaulimbiu yake ikawa ushiriki kamili na usawa.

Mzozo kama huo ulizuka Juni 1980 mjini Winnipeg, Kanada, katika mkutano wa shirika la kimataifa la wataalamu wa utengamao, yaani kazi ya kumrejeshea mtu uwezo wa kuishi na kufanya shughuli zake. Madaktari, wauguzi na mafundi wa viungo bandia ndio walioongoza shirika hilo. Wajumbe wenye ulemavu waliunga mkono pendekezo kwamba nusu ya wajumbe wa kila nchi wawe watu wenye ulemavu. Pendekezo likakataliwa. Wajumbe hao wakakutana wao kwa wao papo hapo mjini, na mwishoni mwa mwaka 1981 wakaunda shirika lao la kimataifa huko Singapore. Bara la Afrika halikuwa pembeni mwa jambo hili: Joshua Malinga wa Zimbabwe, aliyepata pia kuwa Meya wa Bulawayo, baadaye aliliongoza shirika hilo.

Sasa msomaji na aangalie yaliyoipata habari hiyo ilipofika katika Kiswahili. "Mwaka wa Walemavu" ni tafsiri inayoyafaa majina yote mawili, lile lililokataliwa na lile lililoshinda. Ushindi uliopatikana kwa kubadili neno moja ukamezwa na a-unganifu yetu, wala hapana aliyeona kuwa kimepotea kitu.

Tungependa kusema kwamba tulilitambua hili kwa kusoma tu, lakini haikuwa hivyo. Tuliwahi kuletewa barua ya mwaliko ili tuifasiri. Katika asili yake barua ilitaja makundi mawili: mashirika yanayoongozwa na watu wenye ulemavu, na mashirika yanayowahudumia. Sisi, kwa kutaka ufupi, tuliyaita yote "mashirika ya watu wenye ulemavu". Siku ya mkutano viti vilijaa wawakilishi wa vituo vya malezi na wafadhili, watu wema ambao hatuna neno nao. Vyama ambavyo maoni yake ndiyo hasa yaliyokuwa yanatafutwa vilipata habari baada ya maazimio kuandikwa. Ofisi iliyopeleka barua ilitenda kwa mujibu wa maandishi yaliyokuwa mezani. Kosa lilikuwa letu.

Tofauti hii si ya ukaidi wa maneno. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 13, 2006 na kuanza kutumika Mei 3, 2008, unazitaka serikali katika Ibara ya 4 kushauriana kwa karibu na watu wenye ulemavu kwa njia ya vyama vinavyowawakilisha, kila zinapotunga sheria na sera zinazowahusu. Kamati inayosimamia Mkataba huo, katika Maoni yake ya Jumla Na. 7 ya mwaka 2018, imeeleza kwamba vyama vinavyokusudiwa ni vile vinavyoongozwa na kusimamiwa na watu wenye ulemavu, na ambavyo wengi wa wanachama wake ni wao. Shirika linalowahudumia, hata likiwa na sifa njema namna gani, halishiki nafasi hiyo. Kwa hiyo mtumishi anayeandika taarifa ya serikali kwamba "vyama vya watu wenye ulemavu vilishirikishwa" ametoa tamko la kisheria, apende asipende.

Dawa tuliyoiona si kubuni neno jipya. Kiswahili kinalo neno "wenyewe", na uzuri wake ni kwamba mwenyewe ni mtu halisi na pia ni mwenye mali. Tunashauri kuandika "vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe" kwa kundi la kwanza, na "mashirika yanayowahudumia watu wenye ulemavu" kwa kundi la pili. Tafsiri inarefuka, tunakiri. Afadhali iwe ndefu.

Kaulimbiu inayojulikana sana ya harakati hizi nayo imepata ajali ile ile. Mwandishi Mmarekani James Charlton, aliyeifanya kuwa jina la kitabu chake cha mwaka 1998, ameeleza kuwa aliisikia Afrika Kusini mwaka 1993 kwa viongozi wawili, Michael Masutha na William Rowland. Tumeiona katika mabango ikiwa imefasiriwa "Hakuna chochote kwa ajili yetu bila sisi", na hapo "kwa ajili ya" iliyofukuzwa mwaka 1981 imerudi kwa mlango wa nyuma. Tumeiona pia ikiwa "Hakuna lolote juu yetu bila sisi", ambayo mtu anaweza kuifahamu kuwa wenyewe wanaomba wasiangukiwe na kitu. Tunapendelea "Lolote linalotuhusu lisiamuliwe bila sisi". Kiini chake ni uamuzi, nao hautajwi katika tafsiri zile mbili.

Tuje katika neno "utetezi". Asili yake, kutetea, huhitaji watu wawili: mtetezi, na yule anayetetewa ambaye mara nyingi amekaa kimya. Wakili humtetea mteja. Mtu anapolisimamia jambo lake mwenyewe wafasiri huandika "kujitetea", nalo mbele ya Waswahili ni tendo la mshtakiwa, au la mtoto aliyevunja kikombe. "Kujisemea" nako hakufai, maana aliyejisemea amesema moyoni na hakusikiwa na mtu. Katika taarifa za miradi limeenea neno "uchechemuzi", likikusudiwa kuwa na maana ya kuamsha na kuchochea. Hatulipingi katika mambo mengine, lakini kwa sikio la msomaji wa kawaida liko jirani mno na kuchechemea. Kumwita kiongozi anayetembea kwa magongo "mchechemuzi" ni jambo ambalo aliyelitunga bila shaka hakulifikiria, nasi hatulishauri.

Lipo neno kongwe lisilohitaji kamati: kudai. Mwenye kudai ana deni mkononi. Mwenye kuomba anangoja huruma ya mwingine. Sheria ya 2010 inapomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu, mtu anayekwenda kuuliza nafasi hizo ziko wapi hakwenda kuomba kazi tu, amekwenda kudai. Basi "utetezi" na libaki kuwa jina la jumla, na pale ambapo wenye haki ndio watendaji tuandike "kudai haki" na "wadai haki".

Sasa lile swali la barua zetu. Baadhi ya watu wanasema majina kama kipofu, kiziwi, kiwete na kilema yana dharau kwa kuwa yamo katika ngeli ya KI-VI pamoja na viti na visu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kiongozi, kijana na kinyozi wamo humo humo, na hatujasikia kinyozi akilalamika. Tena upatanisho wa kisarufi huwahesabu wote kuwa watu, kwani twasema "kiziwi amefika", hatusemi "kimefika". Tatizo la "kilema" ni jingine: neno hilo hutaja dosari ya mwili na papo hapo humtaja mtu mwenye dosari hiyo, hata asibaki kitu kwake ila dosari. "Mlemavu" lilikuwa hatua ya mbele, nalo ndilo lililotawala zama za sheria mbili za Tanzania za mwaka 1982. "Mtu mwenye ulemavu" hutanguliza mtu, na ndilo tunalolishauri katika sheria, sera na vitabu vya shule. "Asiyejiweza" liachwe kabisa, kwani haliwezi kukaa katika sentensi moja na neno uongozi. "Mwenye mahitaji maalumu" ni pana mno. Hata mama mjamzito ana mahitaji maalumu, ila hakuna sheria ya ulemavu inayomhusu kwa ujauzito wake.

Nchini Kenya suala hili limevuka mipaka ya adabu ya lugha. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Huko mfasiri anayechagua neno baya hajakosea kamusi peke yake.

Hata hivyo mtu asije akachukua kanuni ya "mtu mwenye" akaipitisha kila mahali kama randa. Sisi tulifanya hivyo. Katika rasimu moja tulifuta "viziwi" tukaandika "watu wasiosikia", tukidhani tumefanya uungwana. Wajumbe wa viziwi walioisoma walituambia, kwa kupitia mkalimani, kwamba hawakututuma. Wao ni viziwi, wanayo lugha yao, na neno hilo ndilo walilolichagua. Kwao "asiyesikia" ni jina linalowapima kwa kipimo cha wengine. Jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania, lilikuwa mbele ya macho yetu na hatukulisoma. Kadhalika lugha yenyewe huitwa Lugha ya Alama Tanzania, na Kenya huitwa Lugha ya Ishara, ambayo kwa Ibara ya 120 ya Katiba ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mfasiri asisawazishe majina hayo kwa nguvu.

Upande wa pili, wengi wa wale waliokuwa wakiitwa vipofu wamechagua "wasioona". Na watu wenye ualbino wamelikataa neno "zeruzeru" kwa sababu ambazo hazihitaji maelezo marefu kwa yeyote anayekumbuka mauaji yaliyoitikisa Tanzania kuanzia mwaka 2007 hivi. Chama chao kilibadili hata jina lake la Kiingereza, kutoka neno linalomtaja mtu kwenda neno linaloitaja hali. Salum Khalfan Barwany alipochaguliwa kuwa Mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010, baadhi ya waandishi wa habari walilazimika kujifunza istilahi hiyo kwa haraka.

Jambo moja limebaki. Mwaka 1976 kikundi cha Waingereza wenye ulemavu wa viungo kilitoa waraka uliotenganisha hitilafu iliyomo mwilini na ulemavu unaosababishwa na jamii: ngazi pasipo njia ya mteremko, mwajiri anayefunga mlango. Wafasiri wengi hudhani Kiswahili hakiwezi kueleza tofauti hiyo. Kinaweza vizuri. Tunacho kitenzi "kulemaa" na kauli yake ya kusababisha, "kulemaza". Tukiandika "hitilafu" kwa ile ya mwilini, twaweza kusema bila kujikongoja kwamba hitilafu ni ya miguu lakini ngazi ndizo zinazomlemaza.

Rasimu ya istilahi hizi tumeitayarisha kwa maandishi ya kawaida na kwa nukta nundu. Kikao cha kuipitia kitakuwa na mkalimani wa lugha ya alama, na barua za mwaliko, safari hii, zimeandikwa "vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe".