Valvu Nzima, Umeme Mbovu: Kutunza Amplifaya ya Gitaa Kanda ya Ziwa

Amplifaya ya gitaa iliyotengenezwa London mwaka 1962 inaweza kupigwa jioni ya leo Nkome, mkoani Geita, na kutoa sauti ileile iliyowapendeza watu ilipokuwa mpya. Umri peke yake hauiui. Kinachoiua mara nyingi kiko nje ya boksi lake: umeme usiotulia, spika iliyofungwa vibaya, au mtu mwenye haraka. Mwenye amplifaya ya valvu, awe mwaloni kando ya Ziwa Victoria, kwenye machimbo ya dhahabu au kwenye kwaya ya kanisa Shinyanga, akiyamudu hayo matatu amemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Kanda hii si ngeni kwa mashine hizo. Tabora, jirani wa Shinyanga, ndiyo iliyotoa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Upande wa Mara, eneo la Shirati ndiko alikozaliwa Daniel Owino Misiani, aliyevuka kwenda Kenya na kuongoza Shirati Jazz, bendi iliyoueneza muziki wa benga na solo yake kali pande zote za ziwa. Muziki wa dansi ulipokuwa unahamia kwenye magitaa ya umeme, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, amplifaya zilizokuwepo duniani karibu zote zilikuwa za valvu.

Bendi nyingi za Tanzania hazikuwa mali ya wanamuziki wenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao. Mpigaji akihama, vyombo vinabaki. Kisha ikaja miaka ya 1970 na 1980, fedha za kigeni zikawa adimu na vyombo vipya vikawa taabu kupatikana. Kilichoharibika kilirudishwa mezani kwa fundi redio.

Fundi huyo alikuwa anaijua valvu, kwa sababu redio za zamani nazo zilikuwa nazo. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake filamenti inapasha moto kathodi, na kathodi ikishapata joto inaachia elektroni. Elektroni hizo hukimbilia anodi, ambayo kwenye valvu kubwa za nguvu, zile zinazosukuma spika ya amplifaya ya gitaa, mara nyingi huwa na volti kati ya 300 na 500. Njiani zinapita kwenye kiwavu kinachoitwa gridi, wazo lililoletwa na Lee de Forest, Mmarekani, mwaka 1906. Umeme mdogo sana kutoka kwenye gitaa ukifika kwenye gridi, unaongoza mkondo mkubwa unaokwenda kwenye anodi. Hapo sauti imekuzwa.

Transista, iliyozaliwa mwaka 1947, inafanya kazi hiyo kwa bei ndogo na uzito mdogo. Hata hivyo wapiga gitaa wengi hawajaiacha valvu. Ikizidiwa, haikati sauti ghafla. Inaibana taratibu na kuiongezea unene. Mpigaji akigusa nyuzi kwa upole sauti inasafika, akizikaza inakwaruza.

Sasa tuje kwenye umeme. Soketi ya ukutani Tanzania inatakiwa kutoa volti 230. Filamenti za valvu nyingi za gitaa zimetengenezwa kwa volti 6.3, na zinavumilia tofauti ya asilimia 10 hivi, kupanda au kushuka. Kwa maneno mengine, umeme wa ukutani ukibaki kati ya volti 207 na 253, hakuna tatizo. Ukishuka hadi 180, kama unavyoweza kushuka mwisho wa laini ndefu saa ambazo kila nyumba imewasha taa, filamenti inapata volti 4.9 tu: sauti inalegea, na kathodi inayofanya kazi bila joto la kutosha inachakaa. Jenereta ikiruka hadi 260, filamenti inapata 7.1 na volti za anodi nazo zinapanda kwa uwiano huohuo. Ndiyo maana chombo cha kwanza kununua ni mita ya kupimia volti, na cha pili ni stabilaiza yenye uwezo unaozidi mahitaji ya amplifaya. Panapotumika jenereta, ipimwe kwanza, kisha ndiyo amplifaya ichomekwe.

Zipo pia amplifaya zilizoletwa na ndugu au wageni kutoka Marekani. Hizo zimetengenezwa kwa volti 120. Zikichomekwa moja kwa moja kwenye 230, kama kuna bahati itakufa fyuzi. Bila bahati itaungua transfoma. Zinahitaji transfoma ya kushushia umeme, na hata hapo ziangaliwe joto, kwa kuwa umeme wa Marekani una mizunguko 60 kwa sekunde na wa Tanzania una 50. Transfoma iliyopigiwa hesabu ya 60 hupata moto zaidi kwenye 50. Amplifaya nyingi za zamani za Uingereza, kwa upande wao, zina kichaguzi cha volti mgongoni. Kiangaliwe kabla ya yote.

Baada ya umeme, spika. Amplifaya ya valvu isiwashwe kamwe na kupigwa bila spika. Nguvu iliyokosa pa kwenda hurudi kwenye transfoma ya kutolea sauti na kupasua nyaya zake kwa ndani, na hicho ndicho kifaa ghali kuliko vingi kwenye mashine. Omu za spika nazo zilingane na zilizoandikwa kwenye tundu. Anayejitengenezea maboksi ajue hesabu hii: spika mbili za omu 8 zikiungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 4, zikiungwa kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, zinakuwa 16. Waya wa kwenda kwenye spika uwe mnene, wa kawaida wa spika. Waya wa gitaa ni mwembamba ndani na haukutengenezwa kwa mzigo huo.

Kuwasha kuna utaratibu wake. Amplifaya yenye swichi mbili huwashwa ile ya umeme kwanza, filamenti zinaachwa dakika moja au mbili zikolee, ndipo inafunguliwa ya pili. Wakati wa kufunga kazi, ipoe kabla ya kupakiwa kwenye pikipiki au mtumbwi. Filamenti ya moto haipendi mtikisiko.

Valvu yenyewe husema ikiwa inaumwa, kwa anayeitazama gizani. Mwanga wa rangi ya machungwa katikati ni wa kawaida, na wingu la buluu kwenye kioo si ugonjwa. Bamba la anodi likianza kuwa jekundu, swichi izimwe papo hapo. Doa la kifedha juu ya kioo likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Valvu ndogo ya mbele, ile inayopokea sauti kutoka kwenye gitaa, ikigongwa kidogo kwa kijiti kikavu na spika ikalia kama kengele, imelegea ndani.

Kubadilisha valvu kubwa za nguvu kunaweza kudai marekebisho ya mkondo, yale mafundi wanayoyaita bayasi. Vox AC30, yenye valvu nne za EL84, inajirekebisha yenyewe. Fender Twin Reverb, yenye 6L6 nne, inahitaji kupimwa. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni asilimia 70 ya uwezo wa valvu. 6L6GC ina uwezo wa wati 30, na asilimia 70 yake ni wati 21. Anodi ikiwa na volti 450, mkondo usizidi miliampea 46 kwa kila valvu. Ukizidi sana, valvu inaungua. Ukipungua sana, sauti inakuwa kavu na ya kukwaruza hata kwa mguso mdogo.

Kazi hiyo ni ya fundi, na fundi mwenyewe awe mwangalifu. Kapasita kubwa hubaki na mamia ya volti hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Anayefungua huzimaliza kwa rizista ya omu 10,000 yenye wati 5, kisha anapima kwa mita mpaka aone volti zimeshuka karibu na sifuri. Mkono mmoja hubaki mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Waya wa ethi usikatwe kwa sababu yoyote, hata kama amplifaya inavuma.

Amplifaya iliyokaa stoo miaka mingi ina hatari ya pekee. Unyevu wa ziwa umeleta kutu kwenye soketi za valvu na vumbi limeingia kwenye vinobu. Soketi na vinobu hivyo husafishwa kwa dawa ya kusafishia kontakti. Zaidi ya hapo, kapasita zilizolala muda mrefu zinaweza kuwa na shoti. Mafundi makini huunga balbu ya kizamani ya wati 60 au 100, ile ya uzi, kwa mfululizo kwenye njia ya umeme. Amplifaya nzima ikiwashwa, balbu inang'aa kidogo kisha inafifia. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti ndani, na balbu imeupunguza mkondo usilete madhara makubwa.

Vipuri vipo. Valvu mpya zinaendelea kutengenezwa Slovakia na kampuni ya JJ Electronic, na pia Urusi na China. Valvu ndogo za mbele hudumu miaka mingi. Za nguvu huchakaa mapema zaidi kwa bendi inayopiga kila wiki, na hununuliwa zikiwa zimelinganishwa kiwandani. Kwa kuwa mzigo wa kuagiza nje huchukua muda kufika Geita, bendi au kwaya inafanya vyema kuagiza kwa pamoja seti moja ya valvu za nguvu, valvu mbili ndogo na fyuzi za ampea zilezile zilizoandikwa mgongoni mwa mashine. Fyuzi ya ampea kubwa zaidi, au kipande cha waya mahali pake, huruhusu shoti ndogo iteketeze transfoma.