Nilidhani ni Mwizi

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Sikuupima uzito wa methali hii hadi mwaka 2014, nilipokuwa nikifundisha mjini Kitale, wakati kesi ya Oscar Pistorius ilipotawala mazungumzo katika chumba cha walimu.

Msomaji atakumbuka kisa chenyewe. Alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, mwanariadha huyo wa Afrika Kusini alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, nyumbani kwake Pretoria. Ndani ya choo alikuwamo mpenzi wake, Reeva Steenkamp, naye akafa. Mshtakiwa alijitetea kwamba alisikia kishindo dirishani, akadhani mwizi ameingia, huku akiamini kuwa Reeva bado yumo kitandani.

Mimi sikumsadiki hata kidogo. Mtu mwenye hofu ya jambazi, nilihoji, humwamsha kwanza aliyelala ubavuni mwake. Isitoshe, baadhi ya majirani walitoa ushahidi kwamba walisikia mayowe ya mwanamke. Wenzangu wengine waliyaonea huruma machozi yake kizimbani. Tukabishana hadi kengele ikalia.

Tarehe 12 Septemba mwaka huo, Jaji Thokozile Masipa alimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, wala si mauaji. Alikiri kwamba Pistorius alikuwa shahidi mbaya, lakini akaonya kuwa anayebabaika kizimbani si lazima awe mwuaji. Niliudhika, hata hivyo, waama, hilo ni funzo. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 50, yasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Shaka yangu haikuwa ushahidi.

Majuma machache baadaye niliwapeleka wanafunzi wangu Bungoma kwa mdahalo kuhusu hukumu hiyo. Pande zote mbili zilivutana juu ya jambo lile lile: je, alijua ni Reeva? Ndipo msichana mmoja wa shule wenyeji akasimama.

"Bwana Spika," akasema, "na kama kweli angekuwa mwizi? Mwizi hana mama?"

Ukumbi uliangua kicheko, kisha ukanyamaza. Mimi sikucheka. Nilikumbuka asubuhi moja nilipopita kando ya tairi lililokuwa likifuka moshi barabarani, na umati ukitawanyika. Niliuliza kulikoni, nikajibiwa, "Ni mwizi tu." Nikashusha pumzi, nikaenda zangu darasani kufundisha ngeli za nomino. Jina la marehemu sikuuliza.

Tarehe 3 Desemba 2015, Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Afrika Kusini ilibadilisha hukumu ile kuwa ya mauaji. Majaji walisema kwamba utambulisho wa aliyekuwa nyuma ya mlango haukuwa hoja. Choo kilikuwa kidogo, hapakuwa na pa kujificha, na mfyatuaji lazima alitambua kuwa binadamu yeyote aliyemo angeweza kufa. Mwaka 2017 kifungo kiliongezwa hadi miaka 13 na miezi 5. Januari 2024 Pistorius aliachiliwa kwa masharti.

Nilisoma habari za uamuzi huo nikamkumbuka yule binti wa Bungoma. Kwa miezi mingi nilikuwa nimepima kama maelezo ya mshtakiwa ni ya kweli. Sikuwahi kujiuliza yanakiri nini endapo ni ya kweli.

Sisemi kwamba mtu aliyevamiwa usiku asijilinde. Sheria yampa haki hiyo, mradi nguvu zake zilingane na hatari iliyomkabili. Lakini Ibara ya 26 yasema kila mtu ana haki ya kuishi, wala haimtengi mshukiwa wa wizi.

Walimu wenzangu, tukiwafunza vijana kuchambua hoja, tusiishie kuuliza kama msemaji anadanganya. Tuwafunze pia kumwulizia asiyekuwepo: yule aliye nyuma ya mlango, na yule aliyeachwa barabarani bila jina.