Istilahi za Kupanga na Kujenga Msimbo Chanzo wa Mfumo Endeshi Huria

Mfasiri anayepewa mwongozo wa kompyuta aufasiri kwa Kiswahili hukabiliwa na tatizo ambalo mfasiri wa riwaya halijui. Msomaji wake hatasoma tu, bali atatenda kila aambiwalo, hatua kwa hatua. Neno moja likitumika kwa vitendo viwili, msomaji atatenda kimoja mahali pa kingine, na mashine yaweza kukataa kuwaka. Katika makala hii tunakusudia kueleza istilahi zinazohusu kupangwa na kujengwa kwa msimbo chanzo wa mfumo endeshi, yaani mfumo unaoziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi katika kompyuta.

Mfano wetu ni FreeBSD, mfumo ulioanza mwaka 1993 juu ya msingi wa kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tumeuchagua kwa sababu kiini chake na programu zake za msingi hutunzwa pamoja. Linux, iliyoanza mwaka 1991, ni kiini peke yake, na programu zinazokizunguka hutoka kwa watu wengine. Anayetaka kuiona kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho ataiona kwa urahisi zaidi katika FreeBSD.

(a) Huria na bure

Msimbo chanzo ni maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na binadamu, aghalabu katika lugha ya C. Programu huitwa huria ikiwa msimbo chanzo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Neno huria tunalo tayari katika soko huria, wala halina maana ya bure. Programu yaweza kutolewa bila malipo huku msimbo wake umefichwa. Tena leseni huria zenyewe hazilingani. Leseni ya FreeBSD humruhusu mtu kuutia msimbo katika bidhaa yake bila kuutoa hadharani, mradi abakize tamko la hakimiliki. Leseni ya Linux humtaka anayeisambaza programu autoe na msimbo chanzo wake. Ofisa anayetayarisha mkataba wa serikali akiandika bure mahali pa huria, atakuwa ameandika mkataba mwingine kabisa.

(b) Saraka na tawi

Maelfu ya mafaili ya msimbo chanzo hupangwa katika saraka, na ndani ya saraka mna saraka nyingine, hata mpango mzima ukafanana na mti. Saraka iitwayo ‘sys’ ina msimbo wa kiini, yaani sehemu inayogawa kumbukumbu na muda wa mashine na kuvitawala vifaa vyake. Katika ‘bin’ mna programu za watumiaji wote, na katika ‘sbin’ mna zile za msimamizi wa mfumo. Saraka ya ‘lib’ ni ya maktaba, yaani vipande vya msimbo vinavyoazimwa na programu nyingi ili kila moja isilazimike kuandika upya jambo lile lile. Ile ya ‘contrib’ huhifadhi kazi zilizoandikwa na watu wa nje. Hizi hutengwa makusudi, ili wenyewe wakitoa toleo jipya liweze kuingizwa bila kuchanganyika na kazi ya wenyeji.

Majina hayo hayatafsiriwi. Mashine huyatafuta kwa tahajia yake, na herufi moja ikibadilika haitayaona. Kinachofasiriwa ni maelezo yake.

Kwa kuwa tumesema mti, wapo wanaopenda kuita kila saraka tawi. Tunashauri wasifanye hivyo. Neno tawi linahitajika kwa jambo jingine: msimbo huo huo huendelezwa kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja. Kuna tawi kuu, linalopokea mabadiliko mapya kila siku, kuna tawi imara, linalopokea yale yaliyokwisha kujaribiwa, na kuna tawi la toleo, linalopokea masahihisho ya lazima tu. Mtu akiambiwa ‘badilisha tawi’ akadhani ni kuhama saraka, atajikuta anajenga mfumo ambao hakuutaka.

(c) Kufasiri, kuunga, kujenga na kusakinisha

Vitendo hivi vinne ndivyo vinavyochanganywa mno. Kitendo cha kwanza ni kuugeuza msimbo chanzo kuwa msimbo wa mashine, na programu inayokifanya wengi huiita kompaila. Wengine hutumia kukusanya, wakifuata maana ya kawaida ya neno la kigeni. Lakini hapa hakikusanywi kitu. Maandishi yote ya lugha moja yanahamishiwa katika lugha nyingine kabla ya kutumika. Hiyo ndiyo kazi ya mfasiri. Ziko pia programu zinazosoma sentensi moja na kuitekeleza papo hapo, kama afanyavyo mkalimani mkutanini. Kiswahili kimekwisha kututofautishia kufasiri na kukalimani, nasi hatuna sababu ya kuuacha utajiri huo.

Kuunga ni kuambatisha vipande vilivyofasiriwa, pamoja na maktaba, hata ikapatikana programu moja. Chombo chake tusikiite kiunganishi, kwani darasani hiyo ni aina ya neno. Kiungaji chatosha.

Kujenga ni jina la shughuli nzima ya kufasiri na kuunga kwa utaratibu. Shughuli hii huongozwa na programu iitwayo make, ambayo asili yake ni ile iliyotungwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell mwaka 1976. Hiyo hutazama ni mafaili gani yamebadilika, ikajenga upya yanayoyategemea tu.

Kusakinisha ni kukiweka kilichojengwa mahali pake pa kutumika. Kusakini ni kukaa, na kusakinisha ni kukalisha.

(d) Kwa nini tofauti hizi ni za lazima

Katika FreeBSD, programu za msingi hujengwa kwanza, zikianza na vyombo vya kujengea, kompaila ikiwamo. Kisha hujengwa kiini kwa kompaila hiyo mpya. Mazao yote huwekwa mbali na msimbo chanzo, na mfumo unaotumika haujaguswa bado. Katika kusakinisha, mpango hugeuka: kiini hutangulia, mashine huwashwa upya, ndipo programu zifuate. Sababu ni kwamba kiini kipya kwa kawaida huweza kuendesha programu za zamani, lakini programu mpya zaweza kuomba huduma ambazo kiini cha zamani hakina.

Mwongozo ukitumia neno ‘kuunda’ kwa kujenga na kwa kusakinisha pia, msomaji hawezi kujua kwamba kuna mipango miwili inayopishana. Atasakinisha programu kabla ya kiini, na huenda asiweze hata kutekeleza amri ya kurudisha alichokitoa.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi za fani hii zipitishwe pamoja, kama ukoo mmoja, baada ya kujaribiwa na mtu anayefuata maelezo ya Kiswahili pekee mbele ya mashine. Walimu na wafasiri wenye maneno yafaayo zaidi, hasa kwa kiungaji na kompaila, tunawaomba watuandikie pamoja na sentensi walizoyatumia.