Utu Uzima Kando ya Barabara ya Thika

Kiswahili humwita aliyekula chumvi nyingi mtu mzima, na umri wake utu uzima, kwa neno lile lile linalomaanisha kuwa hai, kuwa na afya na kutopungukiwa kitu; ilhali tendo linalomfungulia mwajiriwa kipindi hicho, yaani kustaafu, limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuomba kuachiliwa. Katika pengo lililo baina ya maneno hayo mawili ndimo linamokaa swali kubwa la sayansi ya kuzeeka: je, mwili wa miaka 65 unahitaji kuachiliwa upumzike, au unahitaji kutumiwa ili ubaki mzima? Tafiti za takriban miaka 40 iliyopita zimeegemea jibu la pili kwa uzito ambao huenda ukamsikitisha aliyejiwekea akiba maisha yake yote kwa matumaini ya kukaa tu.

Kahawa Sukari, mtaa wa Ruiru katika Kaunti ya Kiambu ulio karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, na ambao jina lake linakumbusha mibuni iliyotangulia nyumba, ni mahali panapofaa kulitazamia swali hilo. Ni mtaa wa aina ambayo mwalimu au mtumishi wa serikali huiota tangu ujana: nyumba yenye ua wake, geti la chuma, pengine na vyumba vichache vya kupangisha wanafunzi. Barua ya kustaafu ikishafika, ambayo kwa watumishi wa umma nchini Kenya huja wakiwa na miaka 60 tangu umri huo ulipopandishwa kutoka 55 mwaka 2009, maisha yanaweza kujikunja yote yakaingia ndani ya geti hilo, kwa kuwa boda boda humchukua mtu kutoka stejini hadi mlangoni, mboga huletwa, kodi hulipwa kwa simu, na wajukuu huonekana kwenye skrini. Kila kimoja kati ya hivyo ni nafuu ya kweli, lakini vikijumlishwa huuondolea mwili kazi ndogondogo ambazo ndizo zilizokuwa zikiutunza.

Kinachodhurika kwanza ni misuli. Kuanzia takriban miaka 30, binadamu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake katika kila muongo, na kasi hiyo huongezeka baada ya miaka 60. Hali ya misuli kupungua na kudhoofika kwa uzee wataalamu huiita sakopenia, na chanzo chake kimojawapo ni kwamba neva zinazoamrisha nyuzi za misuli hufa polepole, nyuzi zilizokosa amri zikanyauka. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba mchakato huo haurudi nyuma. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake huko Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililotikisa imani hiyo: wazee 10 dhaifu wa makao ya kulea wazee, wenye wastani wa miaka 90, walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8, na wale walioukamilisha mpango huo waliongeza nguvu za mapaja kwa wastani wa asilimia 174, hata wawili wakaacha mikongojo. Ni watu wachache mno kujengewa sera, lakini majaribio makubwa yaliyofuata yalithibitisha kiini chake, kwamba msuli wa mkongwe bado husikia ukiitwa.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 haukomei kwenye kutembea. Kwa waliotimiza miaka 65, unapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili na mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi. Kwa guka (babu) wa Kahawa Sukari hayo hayahitaji jimu: kuinuka kitini mara 10 bila kushika mikono ya kiti ni zoezi la nguvu, kushuka stejini kwa miguu ni mwendo, na ngazi za daraja la waendao kwa miguu juu ya barabara kuu ya Thika, ambazo wengi huzilaani, hufanya yote kwa pamoja.

Mizani ya mwili ndiyo inayosahauliwa zaidi. Mtu husimama wima kwa sababu ubongo huunganisha, bila yeye kujua, habari kutoka macho, sikio la ndani na nyayo, kisha huihimiza misuli ya kifundo kurekebisha kila mwelekeo wa kuanguka. Uzee hupunguza ubora wa habari zote tatu, na usipofanyiwa mazoezi ubongo huchelewa. Utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75, ulionyesha kwamba walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10 walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 84 katika miaka iliyofuata, hata baada ya umri na maradhi kuzingatiwa. Kushindwa huko hakuui. Ni kama taa ya dashibodi inayowaka kabla gari halijazimika. Anayetaka kujipima asimame karibu na ukuta au meza, kwani kuvunja nyonga kwa ajili ya sayansi ya nyumbani ni hasara tupu.

Kuhusu chakula hakuna siri kubwa, isipokuwa kwamba wazee wengi hula protini kidogo kuliko mwili wao unavyotaka, na chai ya maziwa kwa mkate, mlo rahisi kwa anayekula peke yake, haijengi msuli jinsi githeri, maharagwe, mayai au omena vinavyojenga.

Jambo tata zaidi ni fikra. Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha mwaka 2002 uchambuzi wa watu 660 wa mji mmoja wa jimbo la Ohio, waliokuwa wameulizwa zaidi ya miaka 20 kabla yake wanauonaje uzee wao wenyewe. Walioutazama kwa wema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya walioutazama kwa uchungu. Msomaji makini atauliza mara moja kama si afya njema iliyowapa furaha, badala ya furaha kuwapa afya, na ni swali la haki: watafiti walizingatia afya na hali ya kijamii na kiuchumi ya kila mmoja mwanzoni, ila utafiti wa kufuatilia hauwezi kuondoa shaka yote. Hata hivyo matokeo ya aina hiyo yamejirudia. Huko Chicago, kikundi cha Patricia Boyle kilifuatilia wazee zaidi ya 900 na kuripoti mwaka 2010 kwamba waliokuwa na hisia kali ya kusudi, yaani ya kuwa na sababu ya kuamka, walikuwa na uwezekano wa mara 2.4 zaidi wa kutopatwa na maradhi ya Alzheimer.

Wakikuyu, ambao nchi yao ndiyo iliyobeba mashamba ya kahawa ya Ruiru, waliwahi kulipanga kusudi hilo kwa ngazi. Katika Facing Mount Kenya, kitabu cha mwaka 1938, Jomo Kenyatta anaeleza jinsi mwanamume alivyopanda kutoka baraza la kamatimo, ambako alikuwa mwanagenzi wa mashauri, hadi la mataathi, na mwisho la maturanguru lililosimamia ibada na matambiko. Mfumo huo uliwabagua wanawake na haufai kurembeshwa, lakini ulikuwa na kanuni moja ambayo idara za pensheni hazina: miaka ilimwongezea mtu kazi. Kamati ya maji ya mtaa, chama cha akiba au kumsomesha mjukuu hesabu zinaweza kushika nafasi hiyo, mradi kutokuwepo kwa mhusika kuonekane.

Wala wenye nyumba za geti si mfano wa kila mzee. Si mbali na hapo, sokoni Githurai, yupo shosho (bibi) muuza mboga ambaye hakuna aliyemwandikia barua ya kustaafu: huamka alfajiri, hubeba magunia ya sukuma wiki, anadaiwa na chama chake na hukumbukwa na wateja asipofika. Misuli, mizani na kusudi anavyo vyote kwa lazima. Asichokuwa nacho ni pensheni, na mpango wa Inua Jamii, ulioanza kuwalipa wasio na pensheni Sh2,000 kwa mwezi mwaka 2018, unamsubiri afikishe miaka 70. Kabla ya hapo, biashara ikilala wiki mbili, kinachokatwa kwanza ni dawa za presha, ugonjwa usiouma hadi siku mshipa wa ubongo unapopasuka.