Gari Kuukuu Huuawa na Kiu



Siku hizi vijiji vyetu vingi vina gari dogo moja au mawili. Pengine ni Probox, pengine ni IST au Corolla. Limetoka Japani likiwa limekwisha tumika, likatumika tena mjini, ndipo likafika kwetu. Saa yake inasoma kilometa 250,000 au zaidi. (Na saa hiyo nayo si ya kuaminiwa sana, maana wapo wanaojua kuirudisha nyuma.) Gari hilo ndilo linalopeleka watu gulioni, na usiku ndilo linalompeleka mama mjamzito hospitali. Likilala kwa fundi, kijiji kizima kinaumia.

Utasikia watu wakisema, gari lile limezeeka, litakufa tu. Sisi hatukubali. Injini kama ya Probox ikitunzwa huweza kupita kilometa 300,000. Mara nyingi kinachoiua si uzee, ni kiu: kiu ya oili na kiu ya maji. Kuizuia kiu hiyo kunataka dakika tano kila asubuhi, tena bila fundi.

Tuanze na oili. Ndani ya injini vyuma hupishana kwa kasi kubwa sana. Oili hukaa kati ya chuma na chuma ili visisagane. Katika injini kuukuu ringi za pistoni zimelika, kwa hiyo oili hupenya juu na kuungua pamoja na petroli. Ndiyo ule moshi wa buluu unaouona nyuma.

Hebu tupige hesabu. Injini ya Probox ya CC 1500 huchukua oili lita 3.7, ukibadilisha na filta yake. Tuseme gari lako linakula nusu lita kila kilometa 1,000. Fundi amekuambia urudi baada ya kilometa 5,000. Usipoangalia kitu mpaka siku hiyo, litakuwa limekula lita 2.5. Ndani zimebaki lita 1.2 tu! Injini ikikwama hapo, mwenye gari analalamika: "Mbona oili nilibadilisha juzi?" Ni kweli alibadilisha. Lakini hakuongeza.

Basi kila asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, chomoa kile kijiti cha kupimia oili. Kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena. Kina alama mbili. Oili ikiwa karibu na alama ya chini, ongeza kidogo kidogo. Usipite alama ya juu, maana ikizidi nayo hutoa povu na kuharibu. Oili nyeusi isikutishe. Lakini ukiiona kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Usiwashe, mwite fundi.

Na ile taa nyekundu yenye picha ya birika? Ikiwaka gari linapotembea, oili haisukumwi vizuri. Zima injini papo hapo. Usiseme nitafika kwanza.

Sasa maji. Maji huzunguka ndani ya injini, huchukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, ambako upepo huyapoza. Kifuniko cha rejeta hubana maji hayo yasichemke upesi, hata yakipita nyuzi 100. Kwa sababu hiyo, ukikifungua injini ikiwa ya moto, maji huruka na kukubabua uso. Fungua ikiwa baridi tu.

Rejeta inataka kulenti, kwa sababu huzuia kutu. Ikikosekana kabisa, maji ya mvua ni afadhali kuliko ya kisima chenye chumvi. Kila mwenye birika la chai anaujua ule ukoko mweupe wa ndani. Vijia vya rejeta ni vyembamba, na ukoko huo huo huviziba.

Gari likichemsha, hedi ya injini, ambayo ni ya alumini, hupinda, na gasketi yake huungua. Hapo injini lazima ifunguliwe. Magari mengi madogo hayana mshale wa joto. Yana taa mbili: ya buluu maana yake injini bado ni baridi, nyekundu maana yake ni hatari. Ikiwaka nyekundu, simama, zima, ngoja mpaka ipoe kabisa. Usimwagie maji baridi injini ya moto, inaweza kupasuka. Kama ndani kuna mgonjwa, atafutiwe pikipiki au gari jingine upesi. Kulazimisha kilometa chache zilizobaki ni kumwacha njiani na kuua gari pamoja.

Mafundi wengine huitoa thamostati, eti gari lisichemshe. Hatuwaungi mkono. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake, hula petroli zaidi na oili huchafuka mapema. Kama imekufa, inunuliwe nyingine.

Tuliojifunza kusoma na kuandika tuna chombo ambacho madereva wengi hawakitumii: daftari. Andika hivi:

3 Machi, kilometa 287,400, oili mpya na filta.
17 Machi, kilometa 288,400, oili nusu lita.

Ikiwa Machi gari lilikula nusu lita kwa kilometa 1,000, na Juni linakula lita nzima, utajua mapema kuna kasoro. Maji nayo yaandike. Injini nzima hainywi maji. Ukiongeza kila siku, yapo yanakovuja: mpira wa rejeta, pampu, au rejeta yenyewe. Na hata dereva akibadilika, daftari linabaki na gari.

Oili ya breki ibadilishwe kila miaka miwili, kwa kuwa huvuta unyevu na breki hulegea.

Tairi nazo husomwa. Ubavuni tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 2219, tairi lilitengenezwa juma la 22 la mwaka 2019. Lililopita miaka 10 lisibebe watu, hata kama meno yake bado yapo. Ukiuziwa tairi lililotumika, isome namba hiyo kabla ya kutoa pesa.