Mtoto akiugua Uingereza, mwambie daktari mlikotoka

MKENYA aliyehamia Uingereza na mwanawe yafaa amsajilishe kwa daktari wa mtaa mapema, kabla hajaugua. Usajili huo haulipiwi. Ushauri hutolewa kwa simu nambari 111 usiku na mchana. Dharura ni 999.

Lipo jambo moja ambalo mzazi akilisahau huhatarisha maisha ya mtoto: kutaja safari. Madaktari wa huko hukutana na malaria kwa nadra, na dalili zake hufanana na za mafua. Mtoto aliyetoka Kisumu au Kilifi akishikwa na homa, hata miezi kadhaa baadaye, mzazi aseme walikotoka na aombe damu ipimwe siku iyo hiyo, kwani malaria humzidi mtoto upesi.